Mabehewa tisa Tabora, kichwa Kigoma: uchambuzi wa treni ya kuchezea iliyorithiwa

Fundi mmoja wa karakana ya reli hapa Tabora, aliyeanza kazi chini ya East African Railways na kustaafu chini ya Shirika la Reli Tanzania, alifariki akaacha treni ndogo ya umeme ya kuchezea. Aliachiwa na familia ya Mwingereza aliyekuwa mkubwa wake kazini, ilipofungasha kurudi kwao miaka michache baada ya Uhuru. Katika kugawana mirathi, binti yake mkubwa anayeishi Kigoma alichukua kichwa cha treni, reli na transfoma yake. Mabehewa tisa yakabaki Tabora kwa mjukuu wa kiume, pamoja na duara la reli la aina nyingine na transfoma ndogo. Hakuna aliyeona tatizo wakati ule. Kichwa ni kichwa, behewa ni behewa.

Tatizo lilijitokeza shangazi alipotaka apelekewe mabehewa ya kichwa chake. Yapi? Kijana hakujua. Wakati huohuo mtu mmoja mjini alikuwa anamshawishi amuuzie yote tisa kwa mkupuo, kwa maelezo kwamba ni treni moja tu ya zamani. Kijana akaja kwangu Kanyenye, kwa kuwa wanaonifahamu wanajua vitu vya reli vya zamani, vikubwa kwa vidogo, ndivyo vinavyonishughulisha. Nilimwahidi jibu lenye ushahidi, behewa kwa behewa. Naandika jinsi jibu hilo lilivyopatikana kwa sababu naamini masanduku ya namna hii yamo katika nyumba nyingine za wastaafu wa reli kwenye njia yote ya kati, na nisingependa yauzwe au yasuguliwe kabla hayajasomwa.

Mpangilio wa kijana

Alikuwa amekwisha kuyapanga kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa rangi. Matano yalikuwa ya rangi mbili, nyekundu na krimu, manne yalikuwa ya rangi moja ya damu ya mzee. Ya pili ilikuwa umeme. Aliweka kila behewa juu ya duara lake la reli huku transfoma ikiwa imewashwa. Mabehewa manne hayakuleta shida. Matano, kila alipoyaweka, transfoma ilijizima.

"Mzee, haya matano yana shoti ndani," aliniambia. "Nafikiri ndiyo mabovu. Nimuuzie yule bwana hayo, mazima nimpelekee shangazi."

Ilikuwa hoja ya mtu anayefikiri, na ingempeleka pabaya kabisa. Ndani ya mabehewa yale hamna waya hata mmoja wa kuleta shoti. Transfoma ilikuwa inazimika kwa sababu nyingine, na sababu hiyo, ikieleweka, ni moja ya njia bora za kujua behewa lilitoka kiwanda gani. Ama rangi, ndiyo kitu cha mwisho kupakwa kiwandani na ndiyo inayodanganya mapema kuliko vyote. Viwanda shindani viliiga kampuni moja ya reli, kwa hiyo vikatumia rangi zilezile. Mtu akipanga kwa rangi, anapanga kwa kile ambacho kila kiwanda kilinakili kutoka kwa wengine.

Nikamwomba tuyapindue yote, magurudumu juu, kwenye kitambaa safi, tusiangalie tena rangi mpaka nitakaposema.

Chini ya mabehewa

Mabehewa sita yalisema yenyewe. Matatu yalikuwa na sakafu ya bati iliyochapwa Hornby Dublo na jina la Meccano Ltd, kiwanda cha Kiingereza kilichotengeneza treni hizo. Mawili yalikuwa ya plastiki, na ndani ya plastiki yenyewe kulikuwa na herufi zilizoinuka: Tri-ang, Built in Britain, kisha namba inayoanza na R. Moja la bati lilikuwa na jina Märklin na maneno Made in Germany.

Matatu yaliyobaki yalikuwa kimya. La kwanza lilikuwa la bati lenye rangi mbili, ambalo kijana alikuwa ameanza kulisafisha kwa stiliwaya ya kusugulia masufuria, sakafu yote ikabaki chuma kitupu. La pili lilikuwa fupi, la plastiki, limepinda mgongo. La tatu lilikuwa jekundu la damu ya mzee, la bati, lenye kutu iliyokula maandishi yote ya chini.

Kwa haya matatu tulitumia vitu ambavyo mtu yeyote Tabora anaweza kuvipata. Sumaku niliitoa kwenye spika mbovu ya redio. Bati la vinyago hivi ni chuma chembamba kilichopakwa madini ya bati, kwa hiyo sumaku hulishika mara moja. Haishiki plastiki, wala haishiki aloi ya zinki ambayo viwanda vya Ulaya vilipenda kumiminia magurudumu na maumbo ya vichwa. Kwa sumaku pekee ulishajua mwili wa behewa ni bati au plastiki, hata rangi iwe nene kiasi gani.

Halafu viungio. Hapa ndipo ningemshauri kila mrithi aanzie, kwa sababu kiungio hakibadilishwi ovyo na kila kiwanda kilikuwa na chake. Kile cha Hornby Dublo cha baada ya vita ni kipande bapa cha chuma chenye meno ya kubana kwa ubavu, kikikutana na mwenzake vinafungana. Cha Tri-ang cha mwisho wa miaka ya 1950 kina ndoano inayopanda juu ya upau mpana ulio mbele ya behewa. Cha Märklin kina kitanzi na ndoano vinavyokwenda pamoja kila upande. Chukua behewa la Dublo na la Tri-ang uyasukume yakutane: yatagongana na kuachana. Wengi wanadhani Hornby na Tri-ang ni kitu kimoja, maana wamewahi kuona majina hayo mawili yameandikwa pamoja kwenye boksi. Yaliunganishwa 1965, baada ya Lines Bros, wenye Tri-ang, kuichukua Meccano mwaka 1964. Kabla ya hapo walikuwa washindani, Meccano wakiwa Liverpool na Tri-ang wakitengenezea Margate, na vinyago vyao havikukusudiwa kukutana.

Behewa lililosuguliwa lilikuwa na kiungio cha Dublo. Lile jekundu lenye kutu lilikuwa na kitanzi na ndoano vya Märklin. Lile fupi lililopinda lilikuwa na kiungio cha Tri-ang cha aina ya mwanzo, kabla ya ule upau mpana.

Hesabu ikawa hivi: manne ya Dublo, matatu ya Tri-ang, mawili ya Märklin. Ndipo nikaruhusu rangi irudi mezani, na kijana akaona mwenyewe. Kundi lake la rangi mbili lilikuwa na yote manne ya Dublo pamoja na moja la Tri-ang. Kundi lake la damu ya mzee lilikuwa nusu Uingereza, nusu Ujerumani.

Kwa nini transfoma ilizimika

Duara la reli alilobaki nalo kijana ni la reli mbili. Katika mfumo huo umeme unaingia kwa reli moja na kurudi kwa nyingine, kwa hiyo gurudumu la kushoto na la kulia lazima vitenganishwe na kitu kisichopitisha umeme. Gurudumu la plastiki halina neno. Lakini ukiweka juu yake ekseli ya chuma yenye magurudumu ya chuma pande zote mbili, umeunganisha reli na reli. Hiyo ndiyo shoti.

Hornby Dublo ilipotoka 1938 ilikuwa ya reli tatu: umeme unaingia kwa reli ya katikati na kurudi kwa zile mbili za nje. Za nje zote ni kitu kimoja kiumeme, hivyo magurudumu ya chuma hayakuwa na madhara yoyote, na kiwanda kikayatumia bila wasiwasi. Märklin nayo ilichukua umeme katikati, na magurudumu yake ni ya chuma vilevile. Meccano ilileta reli mbili mwaka 1959 tu, na katika kujiandaa kwa mabadiliko hayo ikaanza kutumia magurudumu ya plastiki.

Nilichukua mita ya umeme, nikaiweka kwenye mlio, ncha moja gurudumu la kushoto, nyingine la kulia. Mabehewa matano yalilia: matatu ya Dublo na mawili ya Märklin. Ndiyo yaleyale matano "mabovu" ya kijana. Hayakuwa na ubovu wowote. Yaliwekwa tu kwenye reli isiyo yao.

Lakini Dublo zilikuwa nne. La nne halikulia. Lilikuwa na magurudumu ya plastiki, na ndiyo sababu kijana alikuwa ameliweka upande wa mazima pamoja na Tri-ang. Behewa hili ndilo lililokuwa mtego wa sanduku zima. Sakafu yake ilisema Dublo, kiungio kilisema Dublo, magurudumu yakasema ni ya miaka ya baadaye. Kila sehemu inapotoa ushuhuda wake tofauti, mwili na sakafu ndivyo vya kuaminiwa kwanza. Magurudumu huisha na hubadilishwa, na aliyeyabadilisha alikuwa na ndugu, rafiki au duka la kumpatia mapya.

Upana wa reli haukutusaidia

Kijana alikuwa amepima kwa rula umbali kati ya magurudumu, akaona yote tisa yanakaa kwenye reli moja, na hilo likamthibitishia kwamba ni treni moja. Inafaa kueleza hapa, kwa sababu kosa hili ni rahisi mno kufanywa na mtu makini.

Reli ya Dublo, ya Tri-ang na ya Märklin za ukubwa huu zote zina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha 16.5 kwa 87 unapata kama milimita 1,435, yaani upana halisi wa reli ya kimataifa, ileile ya SGR inayojengwa kuja kwetu. Wajerumani walitengeneza miili ya mabehewa kwa uwiano huohuo wa 1 kwa 87 au karibu yake. Waingereza hawakufanya hivyo. Treni zao halisi ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na mota za miaka ile hazikuingia katika kichwa kidogo namna hiyo, basi wakakuza miili hadi 1 kwa 76 na kuiacha reli ileile ya milimita 16.5. Ndiyo maana reli haitofautishi chochote, na mlango hutofautisha. Mlango wenye urefu wa mita 1.9 utakuwa milimita 25 kwenye behewa la Kiingereza, na karibu milimita 22 kwenye la Kijerumani. Tulipima milango kwa kalipa. Mabehewa mawili mekundu ya bati yakajitenga na mengine papo hapo.

Hesabu hiyohiyo ilijibu jambo jingine. Familia ilikuwa inaamini kwamba mabehewa haya ni mfano wa yale ya East African Railways yaliyopita hapa stesheni. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Kwa uwiano wa 1 kwa 87 ingekuwa kama milimita 11.5, na wanaotengeneza reli ya mita moja kwa ukubwa huo hutumia milimita 12. Hakuna behewa hata moja katika haya tisa linaloweza kuwa la kwetu. Ni ya Uingereza na Ujerumani, yalihama tu.

Maneno ya Kijerumani

Hili lilihitaji upole. Ubavuni mwa mabehewa mekundu ya bati kulikuwa na maneno Speisewagen kwenye moja na Schlafwagen kwenye jingine, pamoja na MITROPA. La kwanza ni behewa la chakula, la pili la kulala. Katika familia kulikuwa na habari inayosimuliwa kwamba mzee wa mzee, aliyebeba mataruma wakati Wajerumani wanajenga reli, alipewa mabehewa hayo mawili kama zawadi. Njia ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji huu. Kama zawadi ilitolewa, ilitolewa kabla ya hapo.

Mabehewa yenyewe yanakataa. MITROPA ni kampuni ya mabehewa ya kulala na ya chakula iliyoanzishwa Novemba 1916, wakati Wajerumani wameshaondoka Tabora. Na Märklin, ingawa ni kampuni ya tangu 1859 mjini Göppingen, ilianza kutengeneza treni za ukubwa huu mwaka 1935. Nilimweleza kijana taratibu, nikamwambia pia kwamba hili haliondoi ukweli kwamba mzee wao alibeba mataruma. Linasema tu kwamba mabehewa haya hayakutokana na kazi ile. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie tarehe hizo ili akazisome mbele ya baba zake wadogo. Niliona ni uamuzi wa heshima.

Tarakimu mlangoni

Sasa Dublo nne. Zote nyekundu na krimu, mbili zenye chumba cha gadi mwishoni na mbili bila. Rangi hizo zina tarehe. Reli za Uingereza zilitaifishwa tarehe 1 Januari 1948, na British Railways wakapaka mabehewa ya safari ndefu nyekundu na krimu kuanzia 1949 hadi 1956, kisha wakaenda kwenye damu ya mzee.

Ushahidi niliouthamini zaidi ni mdogo kuliko punje ya mtama: tarakimu 3 kwenye milango. Kwa msomaji wa Tabora daraja la tatu si jambo la kushangaza. Uingereza, daraja la tatu lilifutwa kwa jina tarehe 3 Juni 1956 na kuitwa la pili, na reli nyingine za Ulaya zikafanya vivyo hivyo siku hiyohiyo. Behewa la kuchezea la Kiingereza lenye 3 mlangoni, kwa hiyo, lilichorwa kwa mfano wa hali iliyokuwapo kabla ya 1956. Linaweza kuwa limeuzwa dukani baadaye, kwa kuwa viwanda huchelewa kubadilisha chapa, lakini mchoro wake ni wa kipindi hicho. Dublo zote nne zilikuwa na 3, hata lile la magurudumu ya plastiki. Hapo ikathibitika kwamba magurudumu yake yalibadilishwa na mwili ni rika moja na wenzake.

Halafu herufi. Namba ya behewa la British Railways ilitanguliwa na herufi ya kanda yake. Matatu yalikuwa na M, yaani London Midland. Moja, lile lililosuguliwa, lilikuwa na E, yaani kanda ya Mashariki.

Picha kutoka Kigoma

Nilimwomba kijana ampigie shangazi yake, anitumie picha za kichwa: ubavu, mbele, nyuma, na chini. Alipokea simu kwa ukunjufu, tukasalimiana kwa kirefu, akauliza hali ya mvua Tabora kabla hajauliza habari ya treni. Kisha akasema, "Chini kuna nini cha kupiga picha, baba? Ni masizi matupu." Nikamwambia hayo masizi ndiyo ninayoyataka, asiyafute.

Picha zilipokuja, hakukuwa na la kubishana. Kichwa cha kijani, namba 46232, jina Duchess of Montrose. Huyu ni Dublo wa miaka ya 1950. Katikati ya magurudumu, chini, vilionekana viatu vya kuokotea umeme wa reli ya katikati. Kiungio cha nyuma kilikuwa kile bapa cha meno. Na namba yenyewe inaeleza kanda: kichwa halisi kilijengwa Crewe mwaka 1938 kikiwa na namba 6232 ya kampuni ya LMS, yaani London, Midland and Scottish, na baada ya kutaifishwa vichwa vya LMS vikaongezewa 40,000. Kichwa cha London Midland. Mabehewa ya M ni ya kwake kikanda, kirangi na kikipindi.

Lakini kilichonifurahisha zaidi kilikuwa kitu ambacho hakikutoka kiwandani. Pembeni mwa sakafu ya kichwa, kwa rangi nyeupe na brashi nyembamba, kulikuwa na maandishi 7/68. Nikarudi kwenye mabehewa ya M. Yote matatu yalikuwa nayo, mahali palepale, mwandiko uleule: 7/68. Aliyewahi kutembea kando ya behewa halisi anajua kwamba karakana huandika kwenye shasi tarehe ya matengenezo. Marehemu alifanya matengenezo ya treni ya nyumbani kwa utaratibu wa kazini kwake, na akaandika. Hata fumbo la magurudumu ya plastiki likapata tarehe yake: yaelekea ndiyo matengenezo hayo.

Behewa la E halikuwa na maandishi. Siwezi kulihukumu kwa hilo, kwa sababu stiliwaya ilikuwa imepita hapohapo. Na hapa nitasema kwa uchungu, si kwa kumlaumu kijana, aliyekuwa anataka kuliheshimu kwa kulitakatisha: picha na herufi za mabehewa ya bati huchapwa juu ya bati likiwa bado bapa, ndipo likunjwe kuwa behewa. Ni wino na vanishi, na hakuna rangi nzito chini yake. Ukisugua, ukatumia tina au petroli, hakuna kinachobaki cha kurudisha. Kitambaa laini kikavu na brashi ya manyoya vinatosha. Vumbi la Tabora lenyewe halili bati.

Uamuzi

Seti za abiria za Dublo kwa kawaida zilitoka na mabehewa mawili, moja la kawaida na moja lenye chumba cha gadi. Katika M tatu, mawili yalikuwa ya kawaida na moja la gadi. Jozi ya asili ni la gadi pamoja na lile la kawaida lenye magurudumu ya chuma, maana hayo mawili yamefifia krimu kwa kiasi kimoja na ubavu mmoja, kama vitu vilivyokaa rafu moja upande uleule wa dirisha. La tatu liliongezwa, na likatunzwa nayo kuanzia angalau 1968. Kwangu hilo linatosha kuliita sehemu ya treni. Nilipendekeza yote matatu yaende na kichwa.

Kuhusu yakae wapi, nilikuwa na maoni, nikayasema. Tabora ni kukavu, bati linapumzika. Kigoma, na ziwa lile, unyevu unaingia hadi kabatini. Nilimshauri shangazi akilete kichwa Tabora. Jibu lake lilikuwa fupi. "Kichwa alinipa baba mkononi mwangu. Mabehewa ndiyo yatamfuata mwenzao." Hilo si suala la kiufundi na sikulijibu kiufundi. Tulikubaliana ayaweke chumba cha ndani, mbali na ukuta wa nje, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na asiyafunge kwenye mfuko wa nailoni, maana nailoni huzuia unyevu usitoke.

Yalisafiri kwa treni, kijana akiwa amelishika boksi mapajani kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza. Kila behewa lilifungwa peke yake kwa kitambaa cha pamba kilichooshwa bila sabuni ya manukato. Magazeti nilikataa, wino wake huhamia.

Tri-ang mbili zilizonyooka zimebaki na kijana, pamoja na duara lake la reli mbili, ambalo sasa anajua ni lao. Kichwa chochote cha Tri-ang cha volti 12 kitakachopatikana kitayavuta. Lile fupi lililopinda ni habari nyingine. Treni za mwanzo za ukoo huu, za mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilimiminwa kwa plastiki ya selulosi asetati, ambayo kadiri inavyozeeka husinyaa na kupinda, na joto huiharakisha. Halinyooshwi. Ukijaribu kwa maji moto litavunjika. Tena plastiki hiyo ikioza hutoa harufu ya siki, na mvuke wake ni asidi inayokula chuma kilicho jirani. Nililinusa, harufu ipo kidogo. Nimemwambia aliweke peke yake kwenye rafu iliyo wazi, mbali na bati lolote.

Märklin mbili nimemwomba asizitenganishe na asiziuze kwa yule bwana. Behewa la chakula na la kulala la kampuni moja ni jozi yenye maana, na siku akipata kichwa chao ajue kwamba Märklin hutumia umeme wa AC wa volti 16. Asithubutu kuunganisha transfoma ya aina hiyo na kichwa cha shangazi, ambacho ni cha DC volti 12. Mota itanguruma na kupata moto bila kwenda popote.

Behewa la E nimeshauri libaki Tabora. Treni ya M imekamilika bila lenyewe, na lenyewe, hata likiwa limechubuka, ndilo linalomwachia kijana kitu cha Dublo cha babu yake. Kama siku moja shangazi atataka treni ndefu, kiungio chake kitashika, na Uingereza kwenyewe mabehewa ya kanda moja yalionekana mara nyingi katika treni za kanda nyingine.

Wiki hiyohiyo shangazi alipiga simu. Treni imezunguka, mabehewa yote matatu yameshika, ila moja linatoka relini kila likifika kwenye kona. Nilimuuliza lipi. Lile la magurudumu ya plastiki. Nikamwelekeza aligeuze, aangalie kama gurudumu moja limesogea kwenye ekseli yake, alizungushe taratibu kwa vidole huku akilirudisha mpaka nafasi yake ilingane na ya ekseli zile tatu nyingine, na kama halikai basi alihamishie mwisho wa treni, nyuma ya lile la gadi, ambako halivutwi na uzito wa mengine.